Njiti wa Hagadera Wanahitaji Zaidi ya Kunusurika

Wahenga walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Aghalabu methali hii hutolewa kuwaonya wazazi wanaowadekeza wana wao. Leo nataka kuitumia kwa maana iliyo karibu zaidi na mwili kuliko tabia. Namzungumzia mtoto njiti, yule aliyezaliwa kabla miezi yake haijatimia, na hasa njiti wa Hagadera, ambaye akijaliwa kuzivuka wiki zake za kwanza huenda akabaki na mapafu yaliyojeruhiwa. Namna atakavyotunzwa katika miaka yake miwili ya mwanzo itachangia sana kuamua kama atapumua vyema akiwa darasa la kwanza, na pengine kama atalifikia darasa hilo.

Hagadera ni mojawapo ya kambi tatu kongwe za wakimbizi zilizofunguliwa karibu na mji wa Dadaab mwaka 1991 na 1992, Somalia ilipoporomoka baada ya kuanguka kwa serikali ya Siad Barre. Nyingine ni Ifo na Dagahaley. Kambi hizo zilikusudiwa kuwahifadhi watu 90,000. Ukame na njaa ya mwaka 2011 vilipowasukuma wengine kuvuka mpaka, idadi ilipita 400,000. Hagadera yenyewe imo katika eneo la Fafi, kaunti ya Garissa. Ina wakazi zaidi ya 100,000, na hospitali yake imeendeshwa kwa miaka mingi na shirika la International Rescue Committee. Wenyeji wa vijiji vya karibu nao huitegemea hospitali hiyo hiyo. Mgonjwa anayehitaji tiba kubwa zaidi hulazimika kusafirishwa hadi Garissa mjini, mwendo wa takriban kilomita 100 katika barabara ya mchanga na vumbi, ambayo mvua kubwa huikata. Mafuriko ya El Niño yaliitenga Dadaab mwaka 1997, na mwishoni mwa mwaka 2023 yaliwahamisha maelfu ya watu ndani ya kambi hizo hizo. Mahali kama hapo, mtoto wa kilo moja na nusu asiyeweza kupumua barabara hana nafasi ya kusubiri.

Nawaomba walimu wenzangu na wanafunzi waniwie radhi nikianza na somo la sayansi, kwa maana bila hilo hoja yangu haitasimama.

Mimba ya binadamu huchukua wiki 40. Anayezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia huhesabiwa kuwa njiti. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa hivyo ulimwenguni, yaani takriban mmoja kati ya kila kumi. Viungo vya mtoto havikomai kwa pamoja, na mapafu ni miongoni mwa vile vinavyochelewa. Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo mno ambamo oksijeni huingia damuni na hewa chafu hutoka. Mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na makumi ya mamilioni ya vifuko hivyo, na huendelea kuvijenga utotoni hadi kufikia mamia ya mamilioni. Njiti wa wiki 26 au 28 hana vifuko kamili hata kidogo. Ana vijia na vipango tu vya nyumba ambayo haijajengwa.

Fauka ya hayo, mapafu yaliyokomaa hutoa utelezi maalumu unaozuia kuta za vifuko kugandamana. Chukua karatasi mbili za plastiki, uzilowanishe, uzibandike pamoja, kisha ujaribu kuzitenganisha. Hiyo ndiyo kazi anayoifanya njiti kila anapovuta pumzi, mara 60 na zaidi kwa dakika. Ukitia sabuni katika maji hayo, karatasi zitaachana kwa urahisi, kwani sabuni hupunguza mvutano wa uso wa maji. Utelezi wa mapafu hufanya kazi kama ya sabuni hiyo, nao haupatikani wa kutosha mpaka mimba ikaribie wiki 34 au 35.

Elimu hii haina umri mrefu. Ilikuwa mwaka 1959 ambapo madaktari Mary Ellen Avery na Jere Mead wa Marekani walionyesha kwamba watoto waliokuwa wakifa kwa kushindwa kupumua walipungukiwa na utelezi huo. Miaka minne baadaye, Agosti 1963, Rais John Kennedy alimzika mwanawe Patrick, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati wake na kuishi siku mbili tu. Uwezo wote wa taifa lile haukumfaa kitu. Huyo alikuwa njiti mkubwa kiasi, mwenye zaidi ya kilo mbili, ambaye leo daktari wa hospitali ya wilaya mwenye vifaa vya kadiri angetarajia kumwona akienda nyumbani na mamaye.

Ndipo zilipokuja mashine za kupumulia. Watoto wakaanza kunusurika, na papo hapo maradhi mapya yakazuka. Mwaka 1967 daktari William Northway na wenzake wa Stanford, California, walieleza hali ya watoto waliowekwa katika mashine hizo na kupewa oksijeni nyingi kwa siku nyingi. Mapafu yao yalikuwa yamejaa makovu. Shinikizo la mashine na ukali wa oksijeni vilikuwa vimeyaumiza mapafu machanga vilivyokusudiwa kuyasaidia. Maradhi hayo yalipewa jina refu la kitaalamu, bronkopulmonari displasia. Mimi nitayaita maradhi sugu ya mapafu ya njiti. Kwa kawaida mtoto huhesabiwa kuwa nayo akiwa bado anahitaji oksijeni baada ya kutimiza siku 28, na uzito wa maradhi hupimwa afikapo umri ambao, lau angalikuwa tumboni, mimba ingekuwa ya wiki 36.

Hapa pana jambo ambalo lazima tulitafakari. Maradhi haya ni zao la mafanikio. Pale ambapo njiti wote wadogo hufa katika juma la kwanza, hayaonekani kamwe. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba huku kwetu Kaskazini Mashariki maradhi haya ni haba, sitashangilia. Nitamwuliza kama ni haba kwa sababu watoto wetu wana mapafu mazuri, au kwa sababu wale ambao wangeyapata tumewazika mapema. Na kadiri huduma za wodi za watoto wachanga zinavyoboreka, ndivyo tutakavyozidi kuwapata watoto wanaotoka hospitalini wakiwa hai lakini wakihema. Ni bora tujitayarishe sasa kuliko kungoja hadi wajae mikononi mwetu.

Matayarisho yenyewe huanza kabla mtoto hajazaliwa. Mwaka 1972 watafiti Graham Liggins na Ross Howie wa New Zealand walichapisha matokeo kwamba mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati akidungwa dawa za steroidi, mapafu ya mtoto hukomaa haraka. Dawa hiyo ni ya bei nafuu, na leo hupatikana hata katika hospitali ndogo. Hata hivyo, tusidhani kwamba sindano pekee inatosha. Utafiti mmoja mkubwa uliohusisha nchi sita, Kenya ikiwamo, na kuchapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba dawa hiyo ilipoenezwa kiholela katika vituo vya chini haikupunguza vifo kama ilivyotarajiwa. Utafiti wa pili, ambao pia uliihusisha Kenya na kuchapishwa mwaka 2020, uliitumia katika hospitali zenye uwezo wa kukisia umri wa mimba kwa usahihi na kumhudumia mtoto baada ya kuzaliwa. Huko vifo vya watoto wachanga vilipungua kutoka 23.5 hadi 19.6 kwa kila 100. Funzo lake ni wazi: dawa ile ile huokoa pale penye mpangilio, na hupotea pale pasipo mpangilio. Mama wa Hagadera ambaye hakuhudhuria kliniki ya wajawazito, na ambaye umri wa mimba yake haujulikani, hawezi kufaidi ugunduzi huo hata kama dawa imejaa rafuni.

Mtoto akishazaliwa, jambo la kwanza ni kumsaidia kupumua bila kumuumiza. Mwaka 1971 daktari George Gregory na wenzake wa San Francisco walieleza mbinu ya kuyapa mapafu ya njiti shinikizo dogo la hewa lisilokatika, ili vifuko visijifunge kila anapotoa pumzi. Kutokana na mbinu hiyo kumepatikana chombo rahisi ambacho mwalimu yeyote wa fizikia anaweza kukieleza ubaoni. Hewa iliyochanganywa na oksijeni hupitishwa katika mpira hadi puani mwa mtoto, na ncha ya pili ya mpira hutumbukizwa majini kwa kina cha sentimita chache. Kina hicho ndicho kinachoamua shinikizo. Maji yakitoa mapovu, muuguzi anajua kwamba chombo kinafanya kazi. Katika hospitali kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, chombo cha namna hiyo kilipojaribiwa, watoto wachanga wenye shida ya kupumua walionusurika walikuwa 71 kwa kila 100, ikilinganishwa na 44 kwa kila 100 waliopewa oksijeni ya kawaida. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014. Malawi si nchi tajiri kuliko Kenya.

Lakini oksijeni ni upanga ukatao kuwili. Ikipungua, ubongo huumia. Ikizidi, mapafu huchomeka na mishipa ya macho huharibika, na mtoto huweza kupofuka. Katika miaka ya 1940 na 1950, maelfu ya njiti wa nchi tajiri walipofushwa na oksijeni waliyopewa kwa nia njema. Ndiyo maana wataalamu husisitiza kwamba kiwango cha oksijeni katika damu ya njiti anayesaidiwa kisalie baina ya asilimia 90 na 95. Kiwango hicho hakiwezi kukisiwa kwa macho. Hupimwa kwa kifaa kidogo chenye mwanga mwekundu kinachofungwa mguuni au mkononi mwa mtoto. Wodi yenye mitungi ya oksijeni lakini isiyo na kipimo hicho ni kama gari lenye mafuta tele lisilo na breki. Aidha, zile mashine zinazochuja oksijeni kutoka hewani huzimika umeme unapokatika, na hakuna mtoto awezaye kuahirisha kupumua mpaka jenereta iwashwe.

Kuna na dawa. Kafeini, ile ile inayotupa uchangamfu katika kahawa na chai, huuzindua ubongo wa njiti anayesahau kuvuta pumzi. Utafiti wa kimataifa ulioongozwa na daktari Barbara Schmidt na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba njiti waliopewa kafeini walipata maradhi sugu ya mapafu kwa kiasi cha 36 kwa kila 100, ilhali wasiopewa walikuwa 47 kwa kila 100. Ni dawa ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa za lazima. Kinyume chake, dawa za steroidi anapopewa mtoto mwenyewe katika siku zake za kwanza zinahitaji tahadhari kubwa, maana zimehusishwa na ulemavu wa ubongo. Msomaji asichanganye sindano anayodungwa mama kabla ya kujifungua na ile anayodungwa mtoto. Hizo ni habari mbili tofauti.

Tiba ninayoiheshimu kuliko zote haiuzwi dukani. Mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali moja mjini Bogotá, Kolombia, ilijikuta na njiti wengi na mashine chache za kuwatia joto. Daktari Edgar Rey akaamua kwamba mtoto afungwe kifuani mwa mamaye, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana, kama kangaruu amchukuavyo mwanawe. Kilichoanza kama njia ya kukidhi upungufu kikadhihirika kuwa bora kuliko mashine. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto walioanza kufungwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali zao zitulie kwanza, walikufa 12 kwa kila 100, na waliongojewa walikufa takriban 16. Mtoto aliye kifuani hupata joto, hunyonya mapema, hupata maambukizi machache na hupumua kwa utulivu zaidi. Katika kambi ambako umeme ni wa mashaka, kifua cha mama hakizimiki.

Hata hivyo, kifua hicho kina mwenyewe, naye ni binadamu. Mama wa Hagadera anayetakiwa kukaa wodini wiki sita au nane, mpaka mwanawe aache oksijeni, huenda ameacha nyumbani watoto wengine watano. Nani atawapikia? Nani atapanga foleni ya maji na ya mgao? Tukimlaumu kwa kutoroka wodini kabla ya kuruhusiwa, tunakuwa tumemlaumu aliyebebeshwa mzigo badala ya kumsaidia kuubeba. Baba anaweza kumfunga mtoto kifuani, na nyanya na shangazi pia wanaweza. Hakuna sheria ya dini wala ya mila inayomkataza mwanamume wa Kisomali, wa Kiborana au wa Kiswahili kumpa mwanawe joto la mwili wake. Masheikh na wazee wa kambi wakilisema hilo hadharani, litasikika kuliko mabango kumi ya hospitali.

Chakula nacho ni dawa. Mtoto anayehema hutumia nguvu nyingi kwa kule kupumua tu, hivyo anahitaji lishe nyingi kuliko mwenzake mwenye afya, na huku uwezo wake wa kunyonya ni mdogo. Maziwa ya mama yakikamuliwa na kunyweshwa kidogo kidogo kwa mpira au kikombe, mtoto hunenepa, na mapafu hujenga vifuko vipya kadiri mwili unavyokua. Hapo ndipo penye matumaini, kwa sababu mapafu ya mtoto bado yanajengwa na yanaweza kufidia sehemu ya kilichopotea. Maji ya sukari na maziwa ya ngamia, ambayo jamaa wengi humpa mtoto mchanga kwa mapenzi, hayamfai. Lakini mama atakamua nini iwapo yeye mwenyewe hajala? Mwaka 2025, wafadhili walipopunguza michango yao, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilishusha mgao wa wakimbizi walioko Kenya hadi chini ya thuluthi moja ya kiwango kamili. Walioketi katika miji mikuu ya mbali wakikata hesabu hizo pengine hawakufikiria kwamba walikuwa wakikata pia pumzi ya mtoto ambaye hawatamwona.

Siku ya kuruhusiwa ikifika, mtoto huondoka katika wodi na kuingia katika hema au kibanda ambamo moshi umetanda. Kuni ndizo nishati ya kambi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilibidi uanzishwe mpango maalumu wa kugawa kuni Dadaab, kwa sababu wanawake waliokwenda kuzitafuta vichakani walikuwa wakishambuliwa na kunajisiwa. Mpango huo ulihusu usalama wa mama. Sasa tuongeze usalama wa mapafu. Jiko lihamishiwe nje au mbali na alipolala mtoto, na majiko yanayotumia kuni chache yatolewe kwanza kwa nyumba zenye njiti.

Kuna pia moshi wa heshima. Mama wa Kisomali akijifungua hukaa ndani siku 40, na katika siku hizo dabqaad, yaani chetezo, hufukizwa uunsi na ubani asubuhi na jioni. Sisi wa pwani nasi tuna arobaini yetu na udi wetu, kwa hiyo siandiki haya kwa kudharau. Harufu ile ni ya furaha na ya baraka. Lakini kwa mapafu yenye makovu, moshi ni moshi, uwe wa kuni, wa sigara au wa ubani. Sioni kwamba mila itavunjika chetezo kikiwekwa nje ya mlango mpaka mtoto apate nguvu. Mila zilizodumu karne nyingi zina uwezo wa kusogea hatua tatu kwa ajili ya mtoto.

Adui mwingine ni maambukizi. Mafua ambayo humsumbua mtoto mwenye afya kwa siku tatu huweza kumrudisha njiti hospitalini, na mara nyingine asitoke tena. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali za kambi za Dadaab na Kakuma kati ya mwaka 2007 na 2010 ulivikuta virusi vya aina nyingi vifuani mwa watoto, vikiwamo adenovirusi na kile kirusi maarufu kwa kushambulia vifua vya wachanga kiitwacho RSV, ambacho watafiti wetu wa Kilifi wamekichunguza kwa miaka mingi. Kenya ilianza kutoa chanjo ya nimonia ya nyumokoka mwaka 2011. Njiti apewe chanjo zake kwa kuhesabu tangu siku aliyozaliwa, si tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Wazazi wengi huzichelewesha kwa kudhani kwamba bado ni mdogo mno. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilizihimiza nchi zote zilete kinga dhidi ya RSV, ama kwa kumchanja mama mjamzito au kwa kumdunga mtoto kinga iliyo tayari. Naomba siku kinga hiyo itakapofika Kenya, Hagadera isiwe ya mwisho kuipata.

Najua kuna watakaoniuliza: je, kambi inayokosa unga na maji ina wasaa wa kushughulikia mapafu ya njiti? Si anasa hiyo? Najibu kwamba mengi niliyoyataja hayana gharama kubwa. Leso ya kumfungia mtoto, kofia ya sufi, kikombe cha kumnyweshea, sabuni ya kunawia mikono, kafeini, kipimo cha oksijeni, na daftari la kumfuatilia kila mwezi baada ya kutoka wodini. Kisicho na bei ni kule kuacha. Mtoto asiyefuatiliwa hurudi na nimonia, hulazwa, hutumia oksijeni ile ile tuliyotaka kuiokoa, na mara nyingi huishia kaburini baada ya gharama zote hizo. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zilionyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Kenya, 41 hufa kabla ya kutimiza miaka mitano, na 21 kati yao, zaidi ya nusu, hufa katika mwezi wa kwanza. Hatuwezi kupunguza vifo vya watoto huku tukiuruka mwezi huo.

Serikali ilizindua Mpango wa Shirika Machi 2025, unaokusudia kuzigeuza kambi ziwe makazi ya kudumu na kuziunganisha huduma za wakimbizi na zile za kaunti. Nauunga mkono kwa shingo upande, maana muungano wa maskini wawili waweza kuwa umaskini mkubwa zaidi. Hospitali za kambi zikikabidhiwa kaunti, wauguzi waliofunzwa kuwahudumia njiti wasihamishwe ovyo, na vifaa vyao vipewe fundi na vipuri. Kaunti nayo isimhesabu njiti wa mkimbizi kuwa mgeni na wa mwenyeji kuwa raia. Mapafu hayana kitambulisho.

Nimelileta jambo hili mbele ya walimu kwa sababu moja mahususi. Mtoto huyu akinusurika, atakuja kwenu. Atafika darasa la kwanza akiwa mwembamba, mwenye kukohoa vumbi linapotimka, mwenye kukosa siku nyingi za masomo msimu wa mvua. Wataalamu waliowafuatilia watoto wa namna hii wamewakuta wakiwa na pumzi fupi na dalili zinazofanana na pumu hata wafikapo umri wa shule, na baadhi huwa wazito wa kusoma au wa kukaza fikira. Mwalimu asiyejua atamwita mvivu pale anapoketi kando katika kipindi cha michezo. Mwalimu anayejua atamwuliza mama swali moja tu: alizaliwa miezi mingapi? Kisha atamketisha mbali na mlango wa vumbi, atamwacha apumzike mbio zikimshinda bila kumkataza kucheza, na atawaamuru wanaofagia darasa wanyunyize maji kwanza. Katika madarasa ya kambini yaliyofurika wanafunzi hayo si madogo, lakini hayahitaji barua kutoka Nairobi.

Kwenu wanafunzi, hasa nyinyi wa Garissa, Wajir, Mandera na kambi za Dadaab, nasema hivi. Chombo cha mapovu ni somo la shinikizo mnalosoma katika fizikia. Utelezi wa mapafu ni somo la mvutano wa uso wa maji. Kafeini ni kemia. Kilichobaki ni mtu wa kuviunganisha mahali ambapo vinahitajika, naye si lazima atoke California. Kaunti zenu zinahitaji wauguzi wa watoto wachanga, mafundi wa vifaa vya hospitali na madaktari wanaoweza kuzungumza na mama kwa lugha yake bila mkalimani.

Kila tarehe 17 Novemba ulimwengu huadhimisha siku ya njiti, na hotuba hutolewa. Mwaka huu ningependa hospitali zote za kaunti ya Garissa, ya Hagadera ikiwamo, zitangaze siku hiyo mambo mawili tu: njiti wangapi walitoka wodini wakiwa hai katika mwaka uliopita, na wangapi kati yao bado wako hai leo. Idadi ya kwanza itatuonyesha kazi ya wauguzi. Ya pili itatuonyesha kazi yetu sisi wengine.